Shukrani kwa Aliyeniachia Daftari Budapest

Kwa niaba ya wazazi wangu walioko Dodoma, nami mwenyewe, ninatoa shukrani za dhati kwa mtu nisiyemjua jina wala sura, ambaye katika mwaka wangu wa kwanza wa udaktari wa mifugo huko Budapest, nchini Hungaria, aliniachia daftari mlangoni pa chumba changu cha bweni.

Chuo Kikuu cha Tiba ya Mifugo cha Budapest, kilichoanzishwa mwaka 1787, huwafundisha wageni kwa Kiingereza au Kijerumani kwa miaka mitano na nusu, lakini majina ya mifupa hubaki ya Kilatini, na mimi, niliyekua nikichunga ng'ombe wa baba, nilikuwa nimeshindwa mtihani wa anatomia na kuanza kuwaza safari ya kurudi nyumbani. Daftari lile lilijaa michoro ya penseli. Ukurasa mmoja ulionyesha mfupa wa paja wa farasi kando ya ule wa ng'ombe, na kile kinundu cha tatu, ambacho farasi anacho na ng'ombe hana, kilikuwa kimezungushiwa wino mwekundu. Siku ya kurudia mtihani, mfupa niliowekewa mezani ulikuwa huohuo wa farasi.

Ndugu yangu, Mungu akuzidishie. Daftari lako ninalo bado, ni ukurasa wa kwato tu uliolegea, na nitafurahi mno kulirudisha mkononi mwako.