Kuhusu Simba na muwasho wake

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa usiku usio na usingizi. Barua yako kuhusu Simba, mbwa wako mdogo anayejikuna, nimeisoma mara mbili, maana jambo kubwa kuliko yote umelitaja mwishoni kabisa kana kwamba si kitu: eti mtoto naye ametoka vipele mikononi na tumboni tangu aanze kumpakata Simba. Mimi naanzia hapo hapo.

Mbwa mdogo akijikuna, kila mtu husema ni viroboto, na mara nyingi huwa kweli. Ila kiroboto akimgeukia binadamu humuuma zaidi miguuni, karibu na vifundo, kwa kuwa huruka kutoka sakafuni. Vipele vinavyotokea pale mtu anapomkumbatia mbwa vinanifanya nishuku upele, ule unaoletwa na utitiri uitwao Sarcoptes. Utitiri huu hujichimbia ndani ya ngozi na kutaga humo humo, na kwa macho matupu huuoni. Hebu mkague Simba kwenye kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo. Manyoya yamenyonyoka? Ngozi ina magaga? Kisha shika ukingo wa sikio lake, uusugue taratibu kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kupigapiga kama anayejikuna, shaka yangu inazidi. Huo si ushahidi kamili, lakini madaktari wa mifugo wenyewe hutumia kipimo hicho.

Kwa mtoto usipaniki. Utitiri wa mbwa haudumu kwenye ngozi ya mtu, na kwa kawaida muwasho hupungua wenyewe mbwa akishatibiwa. Kwa sasa asilale naye tu, na vipele vikizidi apelekwe hospitali.

Viroboto nao usiwasahau, maana mbwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Chukua kitana chenye meno ya karibu, umchane mgongoni kuelekea mkiani, halafu kung'utia uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vidoa vyeusi vikitoa rangi ya kahawia nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya Simba iliyokwisha kusagwa tumboni mwao. Ukiviona, jua kwamba wale walio mwilini ni sehemu ndogo tu ya jeshi zima. Mayai hudondoka kwenye tandiko, zulia na nyufa za sakafu, yakawa mabuu, na mabuu yakajifungia kwenye vifuko ambamo kiroboto anaweza kusubiri hata miezi. Ndiyo maana watu humtibu mbwa leo, kisha baada ya wiki chache wanailaumu dawa. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, fagia mpaka chini ya makochi, na urudie tena na tena. Mfunue midomo pia uangalie ufizi: ukiwa umepauka, usingoje kesho, kwa sababu viroboto wengi wanaweza kummaliza damu mbwa mdogo. Na kwa kuwa akimmeza kiroboto anaweza kupata tegu, uliza na dawa ya minyoo.

Mengine nitayapitia haraka. Viduara vilivyonyonyoka manyoya huenda vikawa choa, nacho huambukiza watu. Mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho na mdomo, bila kuwasha sana, mara nyingi ni utitiri wa aina nyingine, Demodex, ambao watoto wa mbwa huupata kwa mama yao siku za mwanzo za kunyonya. Mabaka yakiwa machache huweza kupona yenyewe. Vijipu vya usaha tumboni ni bakteria, na mara nyingi huja juu ya tatizo jingine. Hilo wazo lako la kumbadilishia chakula liweke kando kwanza. Mzio wa chakula upo, lakini kuuthibitisha ni kazi ya wiki nane hivi za mlo mmoja uliochaguliwa kwa makini, na kwa umri wake wadudu ndio wa kushukiwa kwanza.

Sasa shemeji na wazo lake la kumpaka Simba mafuta ya taa. Mwambie nimekataa! Yanaunguza ngozi, na Simba akijilamba anakunywa sumu. Oili chafu ya gari ni hivyo hivyo. Sindano ya ng'ombe ya ivermektini, ile dawa ya wadudu na minyoo, nayo isimguse: ina nguvu mno kwa mwili mdogo, na wako mbwa, hasa wa jamii ya Collie, wenye maumbile yanayoifanya iwadhuru ubongo. Na kwa kuwa una paka, dawa yoyote ya mbwa yenye permethrini, ile sumu ya kuulia viroboto, isiingie kwako kabisa, maana humuua paka. Hata dawa nzuri soma umri na uzito ulioandikwa. Nyingi hazifai kabla ya wiki saba au nane.

Kwa daktari, omba akwangue ngozi aitazame kwa hadubini. Asipouona utitiri, isikushangaze akitoa dawa ya upele hata hivyo, kwa sababu Sarcoptes hukosekana mara nyingi kwenye kipimo hicho. Mtajie vipele vya mtoto kabla ya kitu kingine. Akitaka kumpa dawa ya kutuliza muwasho ya jamii ya steroidi kabla ya kujua chanzo, muulize kwanza kuhusu Demodex, kwa maana steroidi huuchochea. Ikithibitika ni upele, mbwa wote wa hapo nyumbani watibiwe pamoja, hata yule mzee asiyejikuna. Na usikate tamaa akiendelea kujikuna wiki mbili tatu baada ya dawa. Ngozi huchelewa kutulia.

Niandikie daktari atakachosema, na kama unaweza nipigie picha ya yale masikio.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako