Kubiringika mbele: someni kabla ya Jumamosi

Wazazi na vijana wa timu, habari za jioni. Jumamosi tunaanza kubiringika mbele, msingi wa sarakasi nyingi za chialidingi (ushangiliaji wa timu kwa dansi na sarakasi).

Wengi hudhani kichwa ndicho kinachobeba mwili. Hapana! Mtoto achuchumae, viganja sakafuni kwa upana wa mabega, kidevu kifuani, kisha ainue nyonga. Miguu isukume, mikono ibebe uzito, na mgongo wa juu ndio upokee mkeka. Utosi usiguse kabisa. Mgongo ukiwa mviringo kama gurudumu, mwili huzunguka wenyewe. Ukinyooka, mtoto hutua kwa kishindo.

Kusimama ndiko kunakowasumbua wengi. Visigino vije karibu na makalio, mikono inyooke mbele, asijisukume kwa viganja nyuma.

Nyumbani msijaribu kwenye saruji, wala kitandani: godoro laini humeza kichwa na shingo ikapinda. Jikunjeni tu na kubembea kwa mgongo juu ya mkeka, inatosha sana.

Mwenye maumivu ya shingo aniandikie faragha mapema, tafadhali. Hereni zibaki nyumbani, na nywele zisifungwe fundo kisogoni.