Riwaya na tawasifu zisipimwe kwa kibaba kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotuma maoni ya vitabu magazetini. Wengi wetu si wahakiki, ni wasomaji wa jioni baada ya kazi, na hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba riwaya na tawasifu, yaani maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe, tunazipima kwa kibaba kimoja. Tawasifu hulaumiwa kwa kukosa taharuki, riwaya husifiwa kwa kuwa "ya kweli kabisa", na aliyetaka kujua kama anunue kitabu au aache anaambulia nyota nne kati ya tano.

Nianze na nafsi ya kwanza, maana hapo ndipo wengi hukwama. Neno "mimi" halikifanyi kitabu kuwa tawasifu. Marehemu Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, riwaya inayosimuliwa na Kongowea Mswahili, kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Mwaka 2014 akatoa Nasikia Sauti ya Mama, na hiyo ndiyo tawasifu yake. "Mimi" wa kitabu cha kwanza ni wa kubuni: anaweza kupotea njia, kukutana na mtu kwa sadfa, kuokoka dakika ya mwisho, na hakuna wa kumdai ushahidi. "Mimi" wa kitabu cha pili ndiye yule yule ambaye jina lake liko kwenye jalada, na anachosema kinaweza kukanushwa na ndugu, jirani au daftari la shule. Asiyewatenganisha hao wawili humpa mwandishi pole kwa misiba ya mhusika wake, kisha akaidai riwaya tarehe ambazo haikuahidi kumpa.

Kujua unasoma nini huchukua dakika mbili. Fungua ukurasa wa hakimiliki, geuza jalada la nyuma, uone kama limeandikwa riwaya, tawasifu, kumbukumbu au wasifu, yaani maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine. Linganisha jina la msimulizi na la mwandishi. Halafu soma dibaji na shukrani, kurasa ambazo karibu kila mtu huziruka. Humo ndimo mwandishi wa tawasifu hukiri kwamba amebadilisha majina ya baadhi ya watu, au kwamba yupo fulani "aliyenisaidia kuyapanga mawazo yangu". Kauli hiyo mara nyingi maana yake ni kwamba kalamu ilishikwa na mwingine. Si kosa, ila usianze kuisifu lugha ya mchezaji mpira au mwanasiasa kabla hujajua lugha ni ya nani.

Kipimo changu kikubwa kwa tawasifu ni mazungumzo. Chukua mfano huu wa kubuni. Msimulizi ana miaka mitano, bibi yake anamwita: "Mjukuu wangu, dunia ni mapito. Shika elimu, maana elimu ni taa, na asiye na taa hujikwaa mchana kweupe…" Hotuba inaendelea nusu ukurasa, yote ndani ya alama za kunukuu. Mwandishi anaandika akiwa na miaka 65. Nani amebeba nusu ukurasa wa maneno ya mtu kichwani kwa miaka 60? Tukio lile lile lingeweza kuandikwa hivi: "Maneno ya bibi siyakumbuki. Nakumbuka alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikaniuma, na hakuniachia hata alipokwisha kunyamaza." Sentensi mbili tu, lakini unaona kumbukumbu imeanzia wapi na imekatikia wapi. Tena bibi wa pili ni mtu. Yule wa kwanza ni kamusi ya methali iliyopewa miguu.

Ipo na njia ya katikati, usemi wa taarifa: "bibi alinisihi nisiache shule". Hapo mwandishi anabeba maana bila kudai kwamba anabeba maneno. Kwa hiyo soma ukiwa na penseli, na katika sura za utotoni weka alama pembeni kila unapokuta nukuu inayozidi mistari mitatu. Alama moja au mbili kwa sura si neno. Zikifika tano, unasoma tamthilia, na barua yako iseme hivyo.

Katika riwaya nukuu ndefu haina kosa hilo, kwa sababu hakuna kumbukumbu inayodaiwa. Kosa la riwaya hujificha kwingine: watu wote kusema kwa mdomo mmoja. Chagua ukurasa wenye majibizano mengi, funika kwa karatasi yale maneno "alisema fulani", ubakize nukuu peke yake. Kama humjui mzee ni yupi, binti ni yupi na bosi ni yupi, mwandishi ameongea peke yake ukurasa mzima. Dalili iliyo wazi zaidi ni methali. Katika maisha kuna mtu wa methali, kuna asiyezijua, na kuna anayezikosea. Kitabu ambamo hata mtoto anayelia hulia kwa methali kina tatizo.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana mpaka mwingine ambao wasomaji huupita bila kuuona: hawezi kujua yaliyosemwa chumbani asimokuwamo. Akisimulia kikao cha siri, tafuta alijuaje. Mwandishi makini atakuwa ameacha mlango: dirisha lilikuwa wazi, mpishi alimwambia baadaye, barua ilidondoka. Ukikosa mlango huo, andika namba ya ukurasa. Lakini msimulizi maizi, yule anayeona kila kitu kwa nafsi ya tatu, hafungwi na sheria hiyo, hivyo jua kwanza ni nani anayesimulia ndipo ulalamike.

Tuje kwenye lawama ya kwamba kitabu "kinachosha". Riwaya huchosha hasa katikati. Fundo la mgogoro limekwisha kufungwa, mwandishi hataki kulifungua bado, na kurasa zinamdai. Ndipo inapozuka safari isiyo na sababu, ndoto ndefu, au binamu mpya ambaye hakutajwa tangu mwanzo. Ukifika mwisho, rudi kwenye sura inayokutilia shaka ujiulize: ingetolewa, ni jambo gani la sura za mwisho lingekosa maelezo? Kama hakuna, umepata pa kunyoshea kidole, na hiyo ina faida kuliko kusema kitabu kizima kinachosha.

Wakati mwingine, lakini, anayechosha ni msomaji. Kitabu cha kurasa 240 kwa kurasa 15 kila siku ni siku 16. Kwa kurasa 4 ni siku 60, na kwa mwendo huo yule shangazi wa sura ya pili atakuwa amesahauliwa atakaporudi sura ya kumi na moja. Kisha tunaandika kwamba wahusika "wanachanganya". Kata kipande cha karatasi cha kuwekea alama ya ukurasa, kila jina jipya liandike hapo pamoja na neno moja la kumtambulisha na ukurasa alipoingia. Majina 20 yanatosha upande mmoja. Ukichanganyikiwa karatasi ikiwa mkononi, sasa kosa ni la mwandishi.

Kwa tawasifu, lawama ya kuchosha inataka uangalifu zaidi. Tawasifu ya Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, inachanganya nathari na mashairi. Humo mna maombolezo ya mkewe Amina kwa ushairi. Anayesubiri "nini kitatokea" ataona mashairi yamesimamisha hadithi. Mwandishi wa maisha yake hana haja ya kuficha kitakachotokea, msomaji anajua kwamba aliishi mpaka akaandika. Anachodaiwa ni kueleza jambo lilikuwa na uzito gani kwake, na mshairi alipofiwa uzito huo aliuweka kwenye mizani za shairi. Vilevile kuna maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili yakachapishwa mwaka 1902 na 1903. Mle mna misafara, madeni, vita na frasila, kipimo cha zamani cha uzito, za pembe za ndovu. Ukitafuta majuto utafunga kitabu mikono mitupu. Swali linalofaa ni alimwandikia nani, na ni watu gani wanaopita katika kurasa zake wakibeba mizigo bila kupewa hata sentensi moja ya kusema. Kimya cha tawasifu nacho ni habari. Sura nzima ikimtaja mke wa kwanza halafu asitajwe tena, wala kifo wala talaka, liweke katika maoni yako.

Kuhusu "riwaya ya kweli kabisa": Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inahusu wafanyakazi wa bandarini Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Mgomo ulitokea. Haina maana kwamba kila neno la Rashidi, mhusika wake mkuu, lilipata kusemwa na mtu. Katika riwaya ya namna hii pima kama kazi, ujira, hofu na mpango wa mgomo vinashikana kiasi cha kukufanya uelewe kwa nini watu waliweka mizigo chini. Cheti cha kuzaliwa cha mhusika hakituhusu.

Neno la haraka juu ya tafsiri. Peponi ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022 ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ukisifu Kiswahili chake, unayemsifu ni mfasiri, basi mtaje. Makosa ya chapa nayo, herufi kurukwa au ukurasa kurudiwa, ni ya mchapaji na huenda toleo jingine halina.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Waombe wanaotuma maoni waandike jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa toleo walilosoma na aina ya kitabu. Wanukuu mistari miwili au mitatu na namba ya ukurasa. Wanaosoma kwenye simu, ambako kurasa hubadilika na ukubwa wa herufi, wataje sura. Wasubiri siku tatu baada ya kumaliza, kwani msisimko wa ukurasa wa mwisho hufunika kasoro za ukurasa wa mia. Wasifichue yaliyo katika theluthi ya mwisho ya riwaya. Kwa tawasifu sharti hilo si la lazima. Na aliyekiacha kitabu njiani asione haya kutuma. Aandike tu kwamba amekiacha ukurasa wa 60, na atunukulie aya iliyomshinda.

Ni mimi,
Msomaji wenu