Barua kwa mwanangu aliyeko Bengaluru: ukifika Pattadakal

Mwanangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Voisi yako nimeisikiliza, kumbe mnaenda Badami wikiendi ndefu inayokuja, baba yako karidhia na mimi sina neno, ila nyie vijana nawajua, mtapiga picha kwenye mapango mekundu pale alafu mseme tumemaliza. Usirudi hivyo mama. Kutoka Badami mpaka Pattadakal, kwenye yale mahekalu ya kale, ni kama kilomita 22 tu, mchangishane usafiri mfike, maana pale kuna habari ya wanawake wawili ambayo siku hizi inaninyima usingizi kwa kusoma.

Sasa sikiliza. Karne ya 8 huko kote kulikuwa chini ya ukoo wa Chalukya, makao yao hapohapo Badami, enzi hizo Vatapi. Mfalme Vikramaditya wa Pili alikaa kwenye kiti mwaka 733 akaoa mtu na mdogo wake, tumbo moja, mabinti wa ukoo wa Haihaya. Kwetu unajua dini imekataza kabisa kuwakusanya dada wawili kwa mume mmoja, na bibi yako atakwambia uke wenza na mtu baki tu ni moto, sembuse na mdogo wako mliyekuwa mnalala kitanda kimoja! Lakini wao ndoa za kifalme zilikuwa za kuunganisha koo, sidhani kama kuna aliyewauliza. Bi mkubwa ndiye Lokamahadevi, bi mdogo Trailokyamahadevi, na mtoto aliyekuja kurithi, Kirtivarman, alizaliwa na bi mdogo. Hapo mimi nilisimama kwanza nikajiuliza yule mkubwa nyumbani mle aliishije.

Ila hakukaa kulia. Mume wake alikuwa na kisasi cha zamani na Wapallava wa Kanchi, kusini kule, maana mwaka 642 hao Wapallava walishaiteka Vatapi yenyewe, aibu ambayo ukoo haukuisahau. Vikramaditya akaipiga Kanchi, maandishi yao yanasema mara tatu, na cha ajabu alipoingia mjini hakupora, aliurudishia msikiti wao, astaghfirullah, hekalu lao, dhahabu yake, akaacha ameandika hivyo kwa Kikannada kwenye nguzo ya hekalu hilohilo la Kanchi. Basi ushindi ule ndio uliofanya Lokamahadevi ajenge lake Pattadakal, mahali ambapo wafalme wa Chalukya walikuwa wanatawazwa, pembeni ya mto Malaprabha, likaitwa Lokeshvara, jina lake mwenyewe limo ndani, leo wanaliita Virupaksha na bado watu wanaswali, yaani wanaabudu mle kila siku, kwahiyo viatu uvue na ujifunike vizuri, adabu haina dini.

Na mdogo mtu naye akajenga la kwake, jirani kabisa, kwa sasa linaitwa Mallikarjuna, dogo kidogo kuliko la dada. Wengine watasema wivu. Mimi naona kama walikuwa wanashindana basi walishindana kwa heshima, na kuna nguzo yenye maandishi ya enzi za Kirtivarman inayowataja wote wawili, dada na mdogo, kila mtu na hekalu lake.

Lakini kilichonigusa hasa ni fundi. Wewe unajua mimi nimejenga nyumba, nawajua mafundi na wao wananijua, ukimaliza kumlipa na jina lake unalisahau. Lokamahadevi, mbona yeye kwenye geti la mashariki yamechongwa maneno yanayomtaja fundi wake mkuu, Gunda, kwamba amepewa cheo cha Tribhuvanacharya, yaani mwalimu wa dunia zote tatu! Zaidi ya miaka 1,200 na bado tunamjua. Alafu kuna maandishi mengine, waimbaji wa eneo lile walikuwa na haki zao walizopewa na mfalme Vijayaditya, baba mkwe wake, malkia akazithibitisha tena ziendelee. Kwahiyo ukisikia mtu anasema mke wa mfalme zamani alikuwa pambo la ikulu muulize pambo gani linagawa vyeo na kulinda mikataba ya watu.

Utawala wenyewe haukuchukua muda, kama mwaka 753 hivi Dantidurga wa ukoo wa Rashtrakuta akampindua huyo mtoto wa bi mdogo, na utawala wao wa Badami ukaishia hapo. Ila ona mambo, haohao Rashtrakuta walipokuja kuchonga hekalu la Kailasa kule Ellora, mlima mzima wa mwamba kuanzia juu kushuka chini, umbo walilofuata linafanana mno na la huyu bibi. Wamechukua ufalme na ramani wakachukua!

Ukiingia ndani usikimbilie selfi. Kwanza msalimie Nandi, yule ng'ombe mkubwa wa jiwe jeusi kwenye banda lake mbele ya hekalu, alafu zunguka nguzo taratibu, zina hadithi za Ramayana na Mahabharata, tenzi zao kuu za kale, zimechongwa, mtafute Ravana, yule mfalme wa mapepo, anayenyanyua mlima. Kisha nenda geti la mashariki umuulize mlinzi maandishi ya Gunda yako wapi, uyapige picha kwa karibu, iwe safi, siyo ile mikono inatetemeka. Nataka niikuze niitundike sebuleni.

Nauli nimempa shangazi yako akutumie kesho asubuhi, ikiingia nipigie. Na beba maji, nasikia jua la huko halina huruma.

Mama yako