Kwa walimu wenzangu mliobaki na mvi peke yenu ofisini

Kamwene, wenzangu.

Nawaandikia kutoka Mufindi, mwezi wa saba, ukungu hauachii mpaka saa nne asubuhi na jiko la mkaa liko katikati ya ofisi ya walimu. Tuko kumi na mmoja. Anayenifuata kwa umri ana miaka 41, Mwalimu Mkuu ana 36, na wapo wa ajira za juzi ambao walipozaliwa mimi nilikuwa na miaka kumi ubaoni. Nilitoka Chuo cha Ualimu Mpuguso mwaka 1988. Nimebakiza miezi kumi na moja nifikishe 60, barua ya kustaafu inifuate.

Tukikutana kwenye semina, wengi wenu hulalamika kwamba vijana hawana heshima. Mimi nakuja na jambo lililo kinyume na hilo, na linaniuma zaidi. Vijana niliokaa nao wananiheshimu sana, na heshima hiyo ilikaribia kunitoa kazini kabla ya barua.

Ilianza na kiti. Nikiingia, aliye karibu na jiko anainuka: "Mama, shikamoo, kaa hapa." Nikakaa. Ikafuata madaftari, kijana anayachukua mkononi mwangu, ananipelekea darasani. Ikafuata zamu: "Mama, baridi hii, wiki yako nitashika mimi." Nikasema asante, Mungu akubariki. Wote walitoa kwa moyo mweupe, na kila mara niliona ni haki yangu, maana nimetumika miaka mingi. Baada ya kama miaka miwili nikajikuta nimekaa pale kando ya jiko, nimefunikwa kanga, na shule inaendeshwa mahali pengine nisipopajua.

Zamu tunaiona mzigo, na ni mzigo kweli. Lakini mwalimu wa zamu ndiye anayesimama mstarini asubuhi akaona mtoto yupi amekuja bila sweta, nani anatokea njia ya msitu wa Sao Hill akiwa amelowa umande mpaka magotini, nani amechelewa siku ya tatu mfululizo kwa sababu mama yake anaumwa na yeye ndiye anayepika. Nilipoacha zamu, nikaacha kuyaona hayo. Nikabaki kuwajua watoto kwa alama zao tu.

Halafu ikaja PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mnajua ilivyotukuta sisi tuliozoea fomu za tathmini za zamani, zile za OPRAS za karatasi: unaingia kwenye mfumo kwa simu, unajaza majukumu yako, unaripoti utekelezaji, mkuu wako anapitisha, na kupanda daraja kunategemea humo. Nilifanya walivyofanya wengi wetu. Niliandika nywila yangu kwenye kikaratasi nikampa binti mmoja wa ajira mpya, pamoja na simu. "Nijazie, mwanangu, macho yangu hayaoni." Macho yangu yanaona. Nilichoogopa ni kubonyeza vibaya mbele yake.

Alijaza wiki kwa wiki, hakuchoka. Siku ya tathmini Mwalimu Mkuu aliniita, akafungua, akanisomea taarifa yangu. Nilikuwa nimefundisha netiboli ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nilikuwa nimesimamia klabu ya mazingira. Binti wa watu alikuwa ananakili majukumu yake mwenyewe, kwa kuwa mimi sikumwambia ya kwangu na yeye aliona haya kuniuliza. Mwalimu Mkuu hakunigombeza. Alitazama chini, akafunga simu, akasema, "Tutarekebisha, mama." Ningependa angegomba. Nilikuwa nimetia uongo kwenye kumbukumbu zangu za utumishi bila kugusa hata herufi moja, na nilikuwa nimemponza mtoto aliyenitendea wema.

Jioni ile nilimfuata mwalimu kijana anayefundisha darasa la tano, nikamwomba anifundishe. Akanyoosha mkono kuchukua simu, kama kawaida yao. Nikaiweka mapajani, nikamwambia: "Usiishike. Niambie tu nibonyeze wapi." Alicheka kidogo, akavuta kiti. Tulikaa jioni nne. Siku ya kwanza mfumo ulinitupa nje mara tatu, mtandao wenyewe unapatikana vizuri pale kwenye mlingoti wa bendera tu, tukahamia huko na viti vyetu na baridi yetu. Niliandika kila hatua nyuma ya daftari la maandalio kwa mkono wangu. Leo najaza mwenyewe. Polepole, lakini kilichoandikwa humo ni kile nilichofanya.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu, mambo mengine yote mnaweza kuyaacha, hili mlishike: simu yako isitoke mkononi mwako. Kijana akikusaidia, akusaidie wewe ukiwa unafanya. Akishakufanyia mara tatu, ya nne hutaombwa tena maoni yako, na hutakuwa na haki ya kulalamika.

Jioni ya nne yule kijana aliniuliza swali lake. Ana watoto 94, hajui aanzie wapi kusahihisha. Nisingekuwa nimekaa pale mlingotini nikijifunza kwake, asingeniuliza. Nikamsimulia 2002, MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza na ada ikiwa imeshafutwa, watoto walivyomiminika mpaka nikawa na zaidi ya 130 katika darasa moja la kwanza: jinsi nilivyowagawa kwa safu, safu moja inakuja na madaftari mezani kila siku, zilizobaki wanasahihishana kwa ubao, na wale wasiojua kabisa wanakaa mbele kulia nilipo, waandike kwanza mchangani kwa kidole. Alinakili. Nimezoea kuanza na "enzi zetu mwalimu alikuwa mwalimu", na nikisema hivyo macho yao yote yanarudi kwenye simu. Nilipotaja idadi ya watoto na nilichokifanya, alitoa kalamu.

Mnisamehe nikigusa na hili. Tusiwasahihishe mbele ya watoto. Nililifanya mara moja, nikiwa mlangoni, kijana akifundisha silabi kwa namna nisiyoikubali. Aliendelea kuniamkia vizuri kila asubuhi, lakini kwa mwaka mzima hakuniuliza neno. Na kwenye kikao, Mwalimu Mkuu aitwe Mwalimu Mkuu. "Mwanangu" ni neno la njiani na la jikoni. Ukimwita hivyo mbele ya wenzake, unampunguzia nguvu za kuamua, na kesho atashindwa kukuambia umekosea.

Maongezi yetu nayo yasiwe kikokotoo, hesabu ya mafao ya kustaafu, mwanzo mwisho. Najua kinauma, hata malipo ya mkupuo yalipopandishwa 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa sisi ambao mifuko yetu ya zamani ililipa 50, bado kinauma. Lakini binti wa miaka 26 asikilizaye hayo kila chai ataipenda vipi kazi hii? Afadhali tuwaambie kuhusu kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nimeona walimu wawili wazuri wakikimbia kituo kwa madeni, kadi ya benki imeshikwa na mkopeshaji. Hapo mzee akimvuta kijana pembeni mapema, anasikilizwa.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu ulitukuta sote wageni, mimi na wao, tukisoma kitabu kimoja kwa pamoja. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza kwa pamoja, kwa kuwa mtaala huu unaishia la sita, na mimi sitakuwepo. Hao vijana ndio watakaoubeba mwaka huo. Miezi iliyobaki nataka wanione nikifanya kazi.

Nimerudishiwa zamu yangu. Niliomba kwenye kikao, vijana wawili wakapinga kwa kunihurumia, Mwalimu Mkuu akaandika jina langu kwenye ratiba. Kiti cha kando ya jiko nimempa mwenzetu aliyejifungua juzi. Funguo za stoo ya majembe na kitabu cha zamu ninavyo, na Jumatatu saa moja kasoro robo nitakuwa kwenye kengele.

Mwalimu mwenzenu,
Mufindi, Iringa