Umefuta Meseji!

Minneapolis, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Nasra,

Salaam nyingi kutoka kwenye theluji. Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili maharage yaliungua nikiwa nimesimama papo hapo jikoni. Kilichoniuma si matusi ya yule bwana anayekufuatafuata huko Texas. Ni pale uliposema meseji zake zote umezifuta kwa kuona haya, mwanao asije akaziona. Umefuta, mwenzangu! Umemfagilia njia.

Ngoja nikupe yangu, maana sikuwahi kukueleza yote. Wa kwangu aliipata namba yangu kwenye kundi la michango ya harusi. Tulikuwa watu zaidi ya mia mle, nani angejua? Alianza na "habari za asubuhi", zikafika arobaini kwa siku, kisha akawa ananitajia rangi ya kilemba nilichovaa kazini. Siku moja simu ikaanza kunionya kwamba kuna kifaa kinatembea nami. Nilikikuta chini ya zulia la gari, nyuma ya kiti cha mtoto: kile kidude cha duara ambacho watu hukifunga kwenye funguo zisipotee, kimeviringishwa plasta ya kidonda. Ile plasta mpaka leo inanitia kichefuchefu. Alikaa akaikata kwa mkasi, akabana kingo vizuri.

Nikatoa lile daftari nililokuja nalo kutoka Tanga, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tarehe, saa, namba aliyotumia, maneno yake kama yalivyo, nani alikuwepo. Meseji nikazipiga picha, namba yake ionekane juu, nikamtumia mdogo wangu azitunze. Kisha nikamwandikia mara moja tu: "Usinitafute tena kwa njia yoyote." Hapo nikanyamaza, ingawa ulimi uliwasha! Mahakamani mwanamke wa dirishani alilifungua lile daftari, akaliangalia, akaanza kutoa nakala bila kuuliza swali. Amri ya muda ya kumkataza asinisogelee wala kunitafuta nilitoka nayo siku hiyohiyo, baadaye ikawa ya miaka 2.

Sasa ya kwako. Asikudanganye mtu kwamba Marekani sheria ya kufuatafuata watu ni moja; kila jimbo lina yake. Wa kwanza walikuwa California, mwaka 1990, baada ya binti mwigizaji, Rebecca Schaeffer, kupigwa risasi mlangoni kwake Los Angeles mwaka uliotangulia. Alikuwa na miaka 21. Muuaji alimlipa mpelelezi wa kujitegemea, na anwani ya yule binti ikachotwa kwenye ofisi ya serikali inayosajili magari. Majimbo mengine yakafuata. Na hiyo akaunti aliyoifungua yenye jina na picha yako, wanaume usiowajua wakikupigia usiku, nayo si habari mpya. Mwaka 1999 hukohuko California mlinzi mmoja alifungwa miaka 6. Alikataliwa na mwanamke, akajifanya yeye kwenye intaneti, akaandika anwani yake na kuwaita wanaume, nao wakaja kugonga. Kwa hiyo askari akikwambia "badilisha namba tu, mama", usinyanyuke kwenye kiti.

Texas kumfuatafuata mtu ni kosa la jinai, kifungo cha miaka 2 hadi 10, ila sheria inataka iwe imetokea zaidi ya mara moja. Umeona kwa nini nakugombeza? Meseji moja ni meseji. Thelathini zenye tarehe ni mwenendo. Mwendesha mashtaka wa kaunti anaweza kukuombea amri ya ulinzi, hulipi hata senti, na kwa kosa hili amri inaweza kuwekwa ya maisha. Sisi huku tunahesabu miaka miwili miwili. Nyie joto mnalo na amri ndefu mnazo! Ukihamia jimbo lingine, amri inakufuata.

Na lile sharti la kumwandikia mara moja usilipuuze. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu ya mtu wa Colorado, Counterman, aliyemwandikia mwimbaji mmoja mamia ya meseji kwenye Facebook. Dada wa watu akimfungia, anafungua akaunti nyingine. Majaji 7 kwa 2 walisema haitoshi maneno kumtisha anayeyasoma. Lazima ionyeshwe kuwa mwandishi alitambua yanaweza kuchukuliwa kama tishio, akaendelea bila kujali. Mimi hukumu ile ilinikera, sikufichi. Lakini ndiyo iliyopo, na mtu uliyekwisha kumwambia "sitaki" kwa maandishi atapata taabu kudai hakujua.

Kuhusu karatasi zako za uhamiaji ambazo anakutishia nazo: tangu 2013 kufuatafuatwa kumo kwenye orodha ya makosa yanayomfungulia mhanga njia ya viza ya U, ile ya wahanga wa uhalifu, akishirikiana na polisi. Foleni yake ni ndefu mno, zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka. Muulize wakili, si mimi wala shemeji yako.

Wazee watakuja, jiandae. Kwangu walikuja watatu, wakasema haya ni mambo ya kumaliza nyumbani. Niliwapa shikamoo zao na chai yao ya tangawizi. Amri sikuiondoa.

Sasa fanya hivi kabla hujalala: angalia kama simu yako ilikuwa inahifadhi nakala za WhatsApp, maana huenda zile ulizofuta zikarudi. Usiguse kitu kingine chochote. Jumanne niko zamu ya usiku, nipigie mchana nikusomee nilivyoandika maelezo yangu ya kiapo, uone mpangilio wake. Na Nasra mwambie shangazi yake amemnunulia daftari.

Wako,
Mama Idi