Mafumbo ya Jumamosi, fomu wani
Wakuu habari za baridi ya Uyole. Jumamosi saa 3 madogo tunapiga mafumbo ya milinganyo, hesabu yenyewe wengi wanaiweza ila kuitoa kwenye maneno ndo kasheshe, wakiona tu "6 pungufu ya n" (n ni namba isiyojulikana) wanakimbilia 6 − n wakati ni n − 6. Mfano dada kachuma parachichi kadhaa, kaka kachuma 6 pungufu ya dada, jumla 40, dogo aandike kwanza n ni idadi ya parachichi za dada (sio dada mwenyewe jamani 😂), basi n + (n − 6) = 40, 2n = 46, n = 23, halafu arudi kwenye swali, 23 na 17 kweli 40. Wazazi msiwafanyie, miandiko yenu tunaijua. Waje na sweta.